Mvua ya Kuganda

Mtu aliyekulia Kericho au Njombe akiambiwa kwamba usiku huu itanyesha "mvua ya barafu", anajua la kutarajia: mabati yatalia, majani ya chai yatachanika, na watoto watakimbilia uani kuokota punje nyeupe. Kwake hiyo ni mvua ya mawe kwa jina jingine. Lakini maneno hayohayo ndiyo yanayomjia upesi mfasiri anapokutana na istilahi ya Kiingereza "freezing rain" katika tangazo la hali ya hewa la Texas, Maine au Ontario. Huko kinachoanguka ni maji. Ni matone ya kawaida kwa macho, mara nyingi manyunyu tu, yanayoshuka bila kelele na kugeuka barafu pale yanapogusa kitu: lami, tawi, waya wa umeme, ngazi ya mlangoni. Msikilizaji aliyeambiwa mvua ya barafu anachungulia dirishani, anaona maji, anaamua kwamba utabiri umekosea, anachukua funguo za gari.

Kwa hiyo istilahi tunayoitafuta inadaiwa jambo moja kabla ya mengine yote: imwambie mtu ni wapi maji hayo yanapoganda. Uzuri wa neno na ufupi wake vitafuata baadaye.

Tuanze na jambo lenyewe. Ili mvua ya namna hii inyeshe, hewa lazima ijipange kwa tabaka tatu. Juu kabisa, ndani ya wingu, kuna baridi na theluji inaundwa. Katikati limejipenyeza tabaka lenye joto zaidi ya nyuzi 0 za Selsiasi, hewa yenye unyevu iliyosukumwa kutoka kwenye maji ya kusini. Kwa Texas hiyo ni hewa ya Ghuba ya Mexico. Theluji ikipita humo inayeyuka yote na kuwa mvua. Chini, juu ya ardhi, imelala hewa nzito ya baridi iliyoteremka kutoka kaskazini, nayo iko chini ya nyuzi 0, ingawa unene wake huenda usizidi mita mia chache. Tone linakatiza hewa hiyo kwa muda mfupi na kupoa kupita kiwango cha kuganda, lakini haligandi. Maji hayagandi kwa sababu tu yamefika nyuzi 0. Yanahitaji pa kuanzia, chembe ya vumbi ya aina fulani au kipande cha fuwele ya barafu, na tone ambalo theluji yake imeyeyuka yote halina tena fuwele hiyo. Basi linafika chini likiwa bado maji, likisubiri kuguswa. Na kwa kuwa kuganda kwenyewe kunatoa joto, haliwi gumu lote mara moja: linatandaa kwanza, kisha linashika. Ndiyo maana barafu yake huwa angavu na nzito, imebana kila kilicho chini yake.

Tabaka la chini likiwa nene zaidi, tone huganda likiwa bado angani, na kinachofika ni vijipunje vigumu vinavyodunda sakafuni. Hizo ni "punje za barafu", na jina hilo linatosha. Mvua ya mawe ina mahali pengine pa kuzaliwa: wingu kubwa la radi, ambamo upepo mkali unaopanda huibeba punje na kuikuza tabaka juu ya tabaka. Ni mgeni wa vipindi vya joto kuliko vya baridi, na hilo pekee latosha kutuzuia kuichanganya na dhoruba ya Januari.

Gharama ya kuchanganya inaonekana barabarani mapema kuliko kwingine. Asubuhi ya tarehe 11 Februari 2021, mjini Fort Worth, Texas, mvua hii iliganda juu ya barabara kuu ya I-35W. Zaidi ya magari 130 yaligongana na watu 6 wakapoteza maisha. Madereva hawakuona kitu cheupe mbele yao. Waliona lami iliyolowa. Kiingereza huiita barafu hiyo kwa rangi nyeusi, na wapo wanaoandika "barafu nyeusi" kwa Kiswahili. Nashauri tuliache jina hilo, kwa sababu barafu yenyewe haina rangi: weusi ni wa lami inayoonekana kupitia kwake. Anayetafuta kitu cheusi barabarani hatakipata. "Barafu isiyoonekana" inamwambia dereva ukweli anaouhitaji. Aambiwe pia kwamba madaraja hutangulia kuganda, maana hewa ya baridi huyapitia juu na chini, wakati barabara iliyolala ardhini bado inahifadhi joto la udongo.

Sasa turudi kwenye msamiati tulio nao, ambao ni mpana kuliko watu wanavyodhani. "Barafu" ilitufikia kutoka lugha za ng'ambo ya Bahari ya Hindi: kwa Kiajemi mzizi wake ni theluji, kwa lugha za Kihindi ni maji yaliyoganda. Labda kwa sababu hiyo neno limebaki na maana zote mbili, na Kilimanjaro, ambako kambi ya Barafu iko zaidi ya mita 4,600 juu ya usawa wa bahari, hakuna anayelalamika. "Theluji" ni Kiarabu. "Jalidi" nayo ni ya Kiarabu. "Sakitu" ni neno zuri lililosahaulika kwa ule ukungu mweupe unaoganda juu ya majani alfajiri. Waliosoma Kutoka 16 wanalikumbuka, kwani mana inafananishwa nayo. Maneno haya yote ni majina ya vitu vilivyokwisha kuwa. Yanataja kilicholala chini asubuhi, hayasemi kilichotokea usiku. Ukiyaunganisha na "mvua", utapata kitu kinachoanguka kikiwa tayari kimekamilika, na hapo ndipo kosa linapozaliwa.

Tunahitaji kitenzi, na tunacho. Damu huganda, samli huganda, maziwa huganda kwenye kibuyu. Kuganda ni kuacha umajimaji, lakini pia ni kushika na kutoachia: mtoto anamganda mama yake, tope linaganda kwenye kiatu. Maana hizo mbili ndizo hasa sifa mbili za mvua hii, inayokuwa ngumu na kung'ang'ania kwa wakati mmoja. Kiingereza hakina bahati hiyo katika neno lake. Isitoshe, jina "ganda", la yai au la muwa, ni kile kinachofunika kitu pande zote, na baada ya saa chache za mvua hii kila kijiti kimevishwa ganda.

Njia za kuunda istilahi kutoka kitenzi hicho ni kadhaa. "Mvua gandishi" inavutia wapenda istilahi fupi, ila kwa sarufi inasema kwamba mvua inagandisha vingine, ilhali inayoganda ni yenyewe. "Mvua inayoganda" ina kasoro ndogo lakini halisi: kiambishi -na- kinaionyesha ikiganda sasa hivi, hewani, na hizo ni punje tulizokwisha kuzitaja. "Mvua igandayo" inakwepa kasoro hiyo na ingefaa kitabuni, ingawa redioni ina harufu ya mashairi. Mimi nachagua "mvua ya kuganda". Inasema tabia ya mvua hiyo bila kuifunga kwenye wakati, inajengwa kama "maji ya kunywa" na "homa ya kuambukiza", na yule wa Lubumbashi anayesema "mvula" haachwi nje. Kile kinachobaki juu ya vitu tukiite "ganda la barafu". Istilahi hizi mbili zinakwenda pamoja: moja ya tukio, nyingine ya zao lake.

Ganda la barafu ndilo linalopimwa. Idara ya hali ya hewa ya Marekani, katika maeneo mengi, hutoa tahadhari ya dhoruba ya barafu ganda linapotarajiwa kufikia robo inchi, karibu milimita 6. Kwa masikio yetu milimita 6 si kitu. Hesabu inasema vingine. Chukua waya wenye unene wa milimita 20, uvishe ganda la milimita 12, mara mbili ya kiwango hicho, pande zote. Kila mita ya waya imeongezewa zaidi ya kilo 1. Ukitoka nguzo hadi nguzo kwa mita 50, waya mmoja unabeba zaidi ya kilo 50 ambazo haukuwa nazo jana, na upepo haujavuma bado.

Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Januari 1998, mvua ya kuganda ilinyesha kwa mawimbi juu ya Ontario ya mashariki, Quebec ya kusini na majimbo jirani ya Marekani. Kusini-mashariki ya Montreal kuna sehemu zilizopata zaidi ya milimita 100. Minara ya chuma ya shirika la Hydro-Québec ilijikunja na kulala, nguzo za mbao zikavunjika kwa maelfu, na watu zaidi ya milioni 3 wa jimbo hilo wakakosa umeme katikati ya majira ya baridi. Wengine walisubiri zaidi ya mwezi. Kifaransa cha huko huita jambo hilo "verglas", neno lenye kioo na barafu ndani yake, na Wakongo na Warundi waliohamia Montreal wanalijua vizuri. Ni neno sahihi kwa ganda. Kwa mvua yenyewe bado Mfaransa analazimika kuongeza maelezo.

Texas ilipata pigo la namna nyingine, na hapa mfasiri anahitaji uangalifu. Siku chache baada ya ajali ya Fort Worth, baridi kali ilishuka juu ya jimbo zima. Usiku wa kuamkia tarehe 15 Februari 2021 mitambo ya umeme, visima vya gesi na vifaa vyake viliganda, na nyumba na biashara zaidi ya milioni 4.5 zikakosa umeme. Matangazo yalisema umeme utakatwa kwa zamu. Sisi tuna neno la hilo, "mgawo wa umeme", na kila aliyeishi Dar es Salaam au Bukavu analielewa: leo ninyi, kesho wenzenu. Ila kwa familia nyingi za Texas zamu haikufika, kwa kuwa njia zinazolisha hospitali na huduma nyingine muhimu zilipoachwa, hakukuwa na njia za kutosha za kubadilishana. Hesabu rasmi ya jimbo ilifikia vifo 246, vingi vikiwa vya baridi. Aliyesikia "mgawo" akangoja zamu yake ndani ya nyumba inayozidi kupoa alipewa matumaini yasiyokuwepo. Afadhali tangazo liseme: umeme utakatika, hatujui utarudi lini, nendeni mahali penye joto.

Mjini Abilene, ambako familia nyingi za Kongo zimepewa makazi, mitambo yote mitatu ya kusafisha maji ilikosa umeme siku hiyo ya tarehe 15, na mji ukafunga maji. Hapa "kuganda" inaingia hadi jikoni. Maji yakiganda hupanuka kwa takriban asilimia 9, lakini mara nyingi bomba halipasuki pale penye barafu. Barafu inakuwa kizibo, na maji yaliyobanwa kati ya kizibo na koki iliyofungwa hupandishwa shinikizo mpaka chuma au plastiki inashindwa. Ushauri wa kuacha maji yachuruzike unatokana na hilo, na ukielezwa hivyo mtu anautii, kwa sababu anaona faida yake. Usipoelezwa, mama aliyelelewa kwenye foleni ya ndoo atafunga koki mara moja, na atakuwa na haki. Tafsiri iangalie pia neno "bomba": kwa Mtanzania ni mfereji na ni paipu vilevile, hivyo "fungua bomba" na "bomba limepasuka" vikikaa sentensi moja vinachanganya. Tuseme "koki ya sinki" kwa moja na "bomba la ukutani" kwa jingine.

Kuna onyo moja ambalo halihitaji istilahi mpya hata kidogo. Jiko la mkaa lisiingizwe ndani, wala jenereta isiwashwe gereji. Gesi inayotoka humo haina harufu wala rangi na inaua watu wakiwa usingizini. Iliua Quebec, ikaua Texas, na huua kwetu kila msimu wa baridi.

Limebaki suala la ngazi za onyo. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inatumia "angalizo", "tahadhari" na "tahadhari kubwa". Wamarekani wana ngazi zisizolingana na hizo, na moja ina maana kwamba hali inawezekana, nyingine kwamba imeanza au imekaribia sana. Kuzitafsiri zote mbili kwa "tahadhari" ni kufuta tofauti ambayo mtu anahitaji ili aamue kama akanunue mishumaa au abaki ndani. "Angalizo" kwa ile ya kwanza na "tahadhari" kwa ya pili yanaeleweka bila maelezo. Saa nazo zihesabiwe Kiswahili: anayenakili 9 ya usiku ya Kiingereza kuwa "saa 9 usiku" amesogeza dhoruba kwa saa sita mbele. Tangazo kwa familia ya Abilene lingesomeka hivi: "Tahadhari ya mvua ya kuganda, kuanzia saa 3 usiku (21:00) hadi saa 4 asubuhi (10:00). Utaona maji, lakini yataganda yakigusa barabara, ngazi na nyaya. Ganda la barafu linaweza kufikia milimita 6. Usiendeshe gari. Chaji simu sasa. Acha koki ya sinki ichuruzike kidogo. Usiwashe mkaa ndani ya nyumba."