Droni na Rubani Wake

Droni ni chombo kidogo cha kuruka, aghalabu chenye pangaboi nne na kamera, ambacho huongozwa na mtu aliye ardhini kwa mawimbi ya redio, nacho kimeingia katika kazi ya polisi kwa kuwa huwahi kufika mahali ambapo askari angechelewa. Polisi wa Chula Vista, jimboni California, walianza mwaka 2018 kukitanguliza kwenye eneo la tukio ili askari walio njiani wajue hali ilivyo. Tanzania husikika pia jina "ndege nyuki", kwani neno la Kiingereza lililotoholewa lina maana ya nyuki dume. Lakini jina lililoenea zaidi katika vyombo vya habari vya Kiswahili ni "ndege isiyo na rubani".

Jina hili la mwisho lina kasoro kubwa, kwa sababu rubani yupo. Rubani lilikuwa neno la mabaharia wa Pwani, likimtaja mwenye kuongoza chombo, kabla halijahamia angani, na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga nalo lina istilahi mahususi kwa ndege ambayo rubani wake huiongoza kutoka mbali.

Katika Kaunti za Homa Bay na Migori, nchini Kenya, kasoro hiyo si ya kamusi tu. Eneo la doria la polisi ni pana na sehemu yake ni maji ya Ziwa Victoria: visiwa vya Mfangano na Remba hufikiwa kwa boti, mafuriko ya Mto Kuja huwazingira wakazi wa Nyatike, na kandokando ya Isebania zipo njia za panya za kuingilia Tanzania. Kamera ya joto, yaani ile inayosoma tofauti za joto badala ya mwanga, inaweza kumwonyesha usiku mvuvi anayeelea baada ya mtumbwi kupinduka, ingawa haiwezi kumwona aliyekwisha kuzama, na betri ya droni ndogo kwa kawaida haidumu sana zaidi ya nusu saa. Aidha, Migingo ni mwamba ziwani humo ambao Kenya na Uganda zimeugombania kwa miaka mingi. Droni ya polisi ikivuka mpaka hapo, haiwezekani kudai kwamba haikuwa na mwongozaji.

Hali ni hiyohiyo kamera inapopita juu ya nyua za watu, kwa kuwa Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinalinda faragha, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamtaka anayekusanya picha za watu awajibike. Kwa hiyo "droni" litumike katika mazungumzo ya kawaida, na "ndege ya rubani wa mbali" katika sheria na taarifa za polisi, huku jina la rubani huyo likiandikwa katika kitabu cha matukio cha kituo kila chombo kinaporushwa.