DJ wa Shughuli Ndiye Mrithi wa Ngoma

Ukiipitia bajeti ya kamati ya harusi Dar es Salaam utaukuta muziki umepewa mstari mmoja, chini ya ukumbi, mapambo, chakula na vinywaji, na mara nyingi umeunganishwa na mshereheshaji kana kwamba kazi zao ni moja. Historia ya muziki wetu nayo imefanya hivyo hivyo. Tunapoeleza tulikotoka tunataja bendi za dansi, vikundi vya taarabu na waimbaji wa Bongo Fleva. Yule anayepakia spika zake kwenye kirikuu kutoka Tandika hadi Kimara, akapige kwenye harusi, kipaimara au siku ya kuzaliwa ya mtoto, hatajwi. Akitajwa, basi ni kama mtu anayetumia jasho la wenzake. Naona tumekosea. DJ wa shughuli ndiye aliyerithi kazi ya ngoma katika sherehe za mjini, na singeli, muziki uliotoka uswahilini kabisa katika karne hii, ulizaliwa mikononi mwake kabla haujapata studio wala redio.

Ili kuiona kazi hiyo inabidi kurudi nyuma kidogo. Katika sherehe za pwani muziki haukuwa wa kukaa na kusikiliza. Ulikuwa unaendesha shughuli yenyewe: ulitangaza kuwa mwali anatoka, uliwapa wanawake nafasi ya kutunza, ulijua lini uchangamke na lini uwaachie wazee waseme. Ngoma ya beni, iliyoanzia miji ya pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19 na kuenea Tanganyika hasa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, iligawa miji katika pande za Marini na Arinoti, na watu walitumia fedha nyingi kushindana kwa mavazi, magwaride na karamu. Taarabu iliingia Zanzibar kupitia kasri la Sultani Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888; mwaka 1905 klabu ya Ikhwani Safaa ikaanzishwa, na kadiri muziki huo ulivyotoka kwa wakubwa kuwafikia watu wa kawaida, harusi ikawa makao yake. Siti binti Saad aliposafiri kwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, santuri zilizorudi zilileta jambo jipya: sauti ya mwimbaji iliweza kuingia nyumba ambayo mwenyewe hajaikanyaga. Hapo ndipo mbegu ya DJ ilipopandwa, ingawa ilichukua miongo kadhaa kuota.

Sababu ya kuchelewa ni vyombo. Baada ya Uhuru, na zaidi baada ya Azimio la Arusha la 1967, bendi kubwa za dansi zilikuwa chini ya taasisi: NUTA Jazz ya chama cha wafanyakazi, bendi za polisi na za jeshi, na baadaye Mlimani Park chini ya shirika la DDC. Magitaa, ngoma na amplifaya vilikuwa mali ya mwajiri, wala haikuwa rahisi kwa mtu binafsi kuagiza vyombo kama hivyo kutoka nje. Muziki wa kigeni nao ulitazamwa kwa shaka. Mwishoni mwa 1969 uongozi wa mkoa ulipiga marufuku muziki wa soul katika Dar es Salaam, kwa hoja kwamba unaharibu vijana na utamaduni. Mwaka 1984 mambo yalianza kulegea, serikali iliporuhusu mtu mwenye fedha zake za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa alizipata wapi, na mlango ukapanuka zaidi Ali Hassan Mwinyi aliposhika urais mwaka uliofuata. Pamoja na nguo na mafuta ya kupikia ziliingia deki za kaseti, spika na taa za rangi. Mtu mmoja sasa aliweza kumiliki muziki mzima na kuukodisha kwa siku.

Wengi wanaoandika kuhusu kipindi hicho hukimbilia kumbi za disko za mjini, kwa sababu huko ndiko walikotoka watu waliokuja kuwa wakubwa. Ni kweli kwamba Clouds FM, iliyoanza kusikika 1999, ina asili yake katika biashara ya disko ya Joseph Kusaga, na kwamba studio ya Mawingu iliyotokana na biashara hiyo iliwarekodi vijana wa kwanza wa kufokafoka. Lakini disko la ukumbini lilikuwa na kiingilio, na waliolipa walikuja kwa ajili ya DJ. Shughulini mambo ni kinyume: wageni wamekuja kwa ajili ya mwali, bibi harusi au mtoto aliyetimiza mwaka, wapo wa miaka 7 na wa miaka 70, na DJ lazima awapate wote bila kumkera aliyemlipa. Kwa hiyo babu yake tusimtafute ukumbini. Tumtafute uani, kwenye ngoma za mnanda na mchiriku.

Mchiriku ulitokana na ngoma za Wazaramo na ukashika kasi miaka ya mwanzo ya 1990. Vijana wa uswahilini walichukua ngoma zao, wakaongeza kinanda kidogo cha Casio ambacho katika nchi za wenzetu kilitengenezwa kwa ajili ya watoto, wakakiunganisha na amplifaya iliyochoka na spika za honi, na pasipokuwa na umeme wakatumia betri ya gari. Jagwa Music, kundi lililosafiri hadi Ulaya na kutoa albamu Ubelgiji mwaka 2012, ni la ukoo huo. Mchiriku ulipigwa kukesha, kwenye harusi na ngoma za kutoa mwali, na ulifundisha mambo mawili ambayo DJ wa baadaye aliyarithi bila kubadilisha. La kwanza, sauti iliyopasuka ya honi si kasoro. Ndiyo inayofika mtaa wa tatu na kuwaambia watu kuwa kuna shughuli. La pili, wimbo hauna mwisho wake wenyewe. Unaisha wachezaji wakichoka, au mwenye shughuli akisema basi.

Wakati huohuo taarabu yenyewe ilikuwa inabadilika. Miaka ya 1990 ushindani wa vikundi vya TOT na Muungano, na kinanda cha kundi la East African Melody kilichochukua nafasi ya safu ya fidla, viliipa taarabu mdundo wa kucheza, na mipasho ikawa ya kurushana roho waziwazi. Nyimbo zilikuwa ndefu, dakika 10 na zaidi, na zilinaswa kwenye kaseti zilizouzwa kila kona. Kumwita mwimbaji Khadija Kopa na kundi zima lilikuwa jambo la mwenye uwezo. Kumwita kijana mwenye deki mbili na kaseti ya kundi hilo kuliwezekana hata kwa mama anayeuza vitumbua.

Hapa inafaa kumtazama huyo kijana akiwa kazini. Wimbo wa taarabu ya kisasa una beti, una kiitikio, halafu una sehemu ambayo mwimbaji ananyamaza na kinanda kinakwenda na ngoma peke yake. Sehemu hiyo ndiyo inayowainua wanawake vitini. Wanazunguka, wanamtunza mwenye shughuli, noti zinabandikwa usoni na kifuani, na kwa kuwa kila ndugu anataka kuonekana, dakika moja na nusu ya kinanda haitoshi hata kidogo. DJ aliye makini haruhusu ubeti urudi. Zamani alirudisha kaseti upande mmoja huku upande wa pili unaendelea. Kompyuta ilipofika alikata kipande hicho na kukizungusha, na akiona miguu imechangamka, anasogeza kidhibiti cha spidi kidogo, kisha kidogo tena. Mshereheshaji au rafiki yake anashika maiki na kuanza kuita majina: ya mwali, ya shangazi aliyetoka Kibiti, ya mtaa, ya fundi aliyefunga turubai. Mwimbaji wa kwenye kaseti hayupo tena. Kilichobaki ni mdundo, kasi, na mtu anayesema kuhusu waliopo pale.

Hayo ndiyo yaliyoizaa singeli. Katika miaka ya 2000, kwenye vigodoro vya Manzese, Tandale na mitaa ya jirani, mikesha inayotangulia harusi, vipande vya taarabu vilivyoharakishwa na maneno ya papo kwa papo vilianza kuwa muziki wa kujitegemea. Kasi ikapanda hadi midundo 200 kwa dakika, na baadhi ya watayarishaji wakaikaribia 300. Mwimbaji Msaga Sumu akajulikana mtaani kabla ya kujulikana redioni. Redio ya EFM ikaupa muziki huo nafasi hewani. Mwaka 2016 Man Fongo akausambaza nchi nzima kwa wimbo wa Hainaga Ushemeji. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso, uliotoka kwenye studio ya Sisso ya Mburahati, na punde vijana kama Bamba Pana, Jay Mitta na Duke wakawa na albamu zenye majina yao na mialiko ya matamasha ya Ulaya. Hapo tuangalie nani alipewa jina. Kwenye albamu hizo mtengeneza mdundo ndiye mwenye kazi. Nyumbani tunamjua anayeshika maiki, na aliye nyuma ya kompyuta tunamwita kijana wa muziki.

Atatokea mtu aseme kwamba kucheza nyimbo za wengine si kuunda muziki. Ingekuwa hivyo, historia ya hip hop isingeanzia pale wanapoianzishia wenyewe Wamarekani, kwenye sherehe ya tarehe 11 Agosti 1973 katika jengo la Sedgwick Avenue, Bronx, iliyoandaliwa na dada yake DJ Kool Herc, kaka mtu akipiga muziki. Herc hakutunga wimbo siku hiyo. Aligundua kuwa watu wanaingojea sehemu ya ngoma tupu, akairefusha kwa santuri mbili. Kijana wa Manzese alifanya jambo la namna hiyohiyo na kinanda cha taarabu, kwa sababu ileile: alikuwa anawatazama wachezaji. Lakini nakubali kwamba si kila DJ wa harusi ni muumbaji. Walio wengi hupiga orodha ileile kila Jumamosi, na hakuna ubaya. Hata wapiga gitaa wengi wa dansi walirudia mapigo ya Kikongo waliyoyasikia kwenye santuri.

Wapo wanaomlaumu DJ kwa kuua bendi. Lawama hiyo ina ukweli nusu, na ni vyema tujue nusu ipi. Bendi za dansi zilidhoofika mashirika yaliyokuwa yakizilea yalipodhoofika na ruzuku kukatika, na redio binafsi zilizoanza 1994 zilipovuta vijana kwenye muziki mwingine. Bendi ya watu wengi yenye jukwaa na hesabu ya kiingilio haikuwa mara nyingi mgeni wa ua wa Tandale. DJ hakumnyang'anya mtu nafasi ambayo hakuwa nayo. Kwa taarabu ya harusini hali ni tofauti. Pale alipoingia DJ, mpiga ganuni, mpiga udi na wazee wa fidla walikosa kazi waliyokuwa nayo, na sehemu ya ujuzi wao haijapata warithi. Hasara hiyo ni ya kweli, na uzuri wa singeli haulipi deni lake.

Lawama nzito zaidi ni ya makelele na maadili. Vigodoro vimepigwa marufuku mara kadhaa na viongozi wa Dar es Salaam, kama disko matanga zilivyopigwa marufuku Kenya, na sababu zilizotolewa si za kubuni: watoto wanakesha, wasichana wanadhalilishwa, mgonjwa wa jirani hapati usingizi. Mtu anayetaka mtoto wake alale ili awahi shule kesho asubuhi haombi jambo la ajabu, na sheria za kelele zinamhusu DJ kama zinavyomhusu mwenye baa. Hata hivyo marufuku hizi hufuata njia ya zamani. Beni ilishutumiwa na wamisionari, soul ikafukuzwa mwaka 1969, na kila mara lililokuwa tatizo la muda, mahali na ulinzi wa watoto liligeuzwa kuwa tatizo la muziki wenyewe. Saa ya kuzima spika inaweza kupangwa na serikali ya mtaa na kusimamiwa. Ukifuta shughuli nzima, wanawake wa uswahilini wanapoteza mojawapo ya sehemu chache ambazo ndoa, mtoto au kupona kwao hushangiliwa na mtaa mzima.

Kuna suala moja ambalo wanaomtetea DJ hulikwepa, nalo ni haki za watunzi. Sheria ya hakimiliki ya 1999 imempa mtunzi haki ya kulipwa kazi yake inapochezwa hadharani, na taasisi ya hakimiliki, COSOTA, iliundwa kwa ajili hiyo, lakini mapigo ya kinanda yaliyogeuzwa kuwa msingi wa singeli yalipigwa na watu ambao majina yao hayakuandikwa hata kwenye kasha la kaseti. Anayedai kwamba DJ atambuliwe kama msanii hana budi kudai pia kwamba wapiga vinanda wa taarabu ya miaka ya 1990 watafutwe na kuorodheshwa wangali hai. Kuwatafuta kunahitaji kumbukumbu. Kanda za Radio Tanzania zimehifadhiwa kwa kuwa zilikuwa mali ya umma na zilikuwa na rafu zake. Muziki wa shughuli haukuingia studio za redio hiyo. Umo kwenye kaseti zilizoota kuvu, kwenye flashi na kompyuta mbovu za watu walioacha kazi na kuhamia bodaboda, na kila mwaka sehemu yake inafutwa ili kupisha picha na faili nyingine. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na taasisi ya sanaa ya Bagamoyo vina wanafunzi wa muziki wanaotafuta mada za utafiti. Waanzie Manzese, wakiwa na diski tupu ya kunakilia na daftari la majina.