Freddie Mercury

Freddie Mercury (jina la kuzaliwa: Farrokh Bulsara, Mji Mkongwe, Zanzibar, 5 Septemba 1946 – London, Uingereza, 24 Novemba 1991) alikuwa mwimbaji, mpiga piano na mtunzi wa nyimbo, aliyejulikana hasa kama mwimbaji kiongozi wa Queen, bendi ya muziki wa roki. Alifanya pia kazi kadhaa nje ya bendi hiyo, ambazo kwetu hazitajwi sana.

Maisha ya awali

Wazazi wake, Bomi na Jer Bulsara, walikuwa Waparsi wenye asili ya Gujarat nchini India, wafuasi wa dini ya Zoroasta. Baba alikuwa keshia katika serikali ya kikoloni ya Zanzibar. Akiwa bado mdogo Farrokh alipelekwa shule ya bweni ya St. Peter's, Panchgani, India, na huko akapiga piano katika bendi ya wanafunzi iliyoitwa The Hectics. Alirudi Unguja mwaka 1963. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 familia ilihamia Feltham, magharibi mwa London. Alisomea sanaa ya michoro katika chuo cha Ealing, akamaliza mwaka 1969. Elimu hiyo haikupotea, kwani nembo ya Queen aliichora mwenyewe.

Queen

Mwaka 1970 aliungana na mpiga gitaa Brian May na mpiga ngoma Roger Taylor. Jina la Queen lilikuwa wazo lake. John Deacon wa gitaa la besi alijiunga mwaka 1971.

"Bohemian Rhapsody" (1975), utunzi wa Mercury, una urefu wa karibu dakika sita na hauna kiitikio, lakini ulikaa nafasi ya kwanza Uingereza kwa wiki tisa. Sehemu yake ya katikati inasikika kama kwaya kubwa ya opera. Waimbaji ni watatu tu: Mercury, May na Taylor, waliorekodi sauti juu ya sauti mara nyingi. Aliyewahi kufundisha kwaya ya sauti nne ataelewa kazi iliyofanyika hapo.

Kazi nje ya bendi

Rekodi ya kwanza nje ya Queen ilitoka mwaka 1973 kwa jina la utani Larry Lurex, wakati albamu ya kwanza ya bendi ilikuwa bado haijatoka. Haikuuzika. Mwaka 1984 alirekodi "Love Kills" pamoja na Giorgio Moroder kwa ajili ya toleo jipya la filamu ya kimya Metropolis ya mwaka 1927.

Albamu yake ya pekee, Mr. Bad Guy, ilitoka Aprili 1985 baada ya kurekodiwa mjini Munich. Ina muziki wa dansi zaidi kuliko roki. Ilifika nafasi ya sita Uingereza, lakini mauzo yake yalikuwa mbali na yale ya Queen. Nyimbo zake ni nzuri, ila zinakosa ubishi wa wenzake watatu. Hapa inafaa kulinganisha na Mbaraka Mwinshehe, ambaye mwaka 1973 aliiacha Morogoro Jazz Band akaanzisha Super Volcano. Mercury hakuhama. Tarehe 13 Julai 1985, miezi michache baada ya albamu hiyo, alisimama na Queen uwanjani Wembley katika tamasha la Live Aid, na dakika zao kama ishirini bado zinatajwa kati ya maonyesho bora ya roki.

Kazi kubwa zaidi ilikuwa Barcelona (1988), aliyoifanya na mwimbaji wa opera Montserrat Caballé wa Hispania. Mercury alikuwa amevutiwa na sauti yake alipomsikia jukwaani London mwaka 1983. Walikutana Machi 1987. Alitunga nyimbo pamoja na mpiga piano Mike Moran, na katika rekodi za majaribio aliimba mwenyewe sehemu za Caballé kwa sauti nyembamba ya juu, ili mwenzake ajue la kufuata. Jim Hutton, mwenzi wa Mercury, ameandika kwamba majibu ya kipimo cha VVU yalikuja Aprili mwaka huohuo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya albamu iliimbwa na mtu aliyejua hali yake, wakati ambapo dawa za kufubaza virusi kama za leo hazikuwepo. Wakosoaji wengine waliona mchanganyiko huo ni kichekesho. Kasoro iliyo dhahiri ni kwamba vinanda vya umeme vilitumika mahali pengi palipohitaji okestra. Toleo lenye okestra kamili lilitoka mwaka 2012.

Kifo na baada yake

Alitangaza kwamba ana UKIMWI tarehe 23 Novemba 1991, akafariki kesho yake akiwa na miaka 45. Wimbo "Barcelona" ulitolewa tena wakati wa Michezo ya Olimpiki ya 1992 katika mji huo, ukafika nafasi ya pili Uingereza. Mwaka 1993 "Living on My Own", wimbo wa Mr. Bad Guy uliotengenezwa upya kwa mdundo mwingine, ulifika nafasi ya kwanza. Mji Mkongwe ulipata jumba la makumbusho yake mwaka 2019.