Zanzibar ya Kwenye Lebo

Mbawakawa wengi wana mabawa magumu yanayofunika mgongo wote. Familia ya Staphylinidae wao wamevaa kizibao: mabawa yao ni mafupi, yanaishia karibu na kifua, na fumbatio lote liko nje. Dunia nzima wana spishi zaidi ya 60,000, na Kiswahili hakina jina moja la kuwakusanya. Tunamjua vizuri mmoja tu, yule mwekundu na mweusi ambaye ukimponda shingoni usiku, asubuhi unaamka umebabuka kama uliyemwagiwa maji ya moto. (Haumi, maskini. Sumu yake, pederini, imo mwilini mwake, na ni sisi tunaompasua.)

Utafiti wangu wa uzamili unahusu jamaa zake wadogo zaidi, wa milimita mbili au pungufu, wanaoishi chini ya majani makavu katika msitu wa Jozani. Kuwapata si tabu kubwa. Unahitaji chekeche, shuka jeupe na subira. Tabu inakuja ukishampata na kujiuliza: huyu ameshapewa jina, au bado?

Sheria ya majina ya wanyama inarudi hadi Linnaeus, mwaka 1758. Jina lililotangulia kuchapishwa kwa kufuata taratibu ndilo linaloshinda, nalo hufungwa kwenye kielelezo maalumu, mdudu halisi aliyehifadhiwa mahali fulani. Siku hizi ni mmoja, holotaipu. Kwa hiyo kabla sijasema wangu ni mpya, lazima nimlinganishe na waliotangulia. Na waliotangulia kutoka pwani yetu wengi wako Ulaya.

Mwaka 1860 Baron Carl Claus von der Decken, Mjerumani, alifika Unguja. Safari yake ya kuelekea Ziwa Nyasa ilishindikana, akageukia Kilimanjaro: 1861 akiwa na Mwingereza Richard Thornton, kisha 1862 na Otto Kersten. Mwaka 1865 aliuawa Bardera, kwenye Mto Juba. Wadudu waliokusanywa katika safari hizo walimfikia Carl Eduard Adolph Gerstaecker kwenye makumbusho ya Berlin, naye akaanza kuchapisha maelezo yao katika miaka ya 1860, hadi lilipotoka juzuu kubwa la 1873.

Makala zake za kwanza alizitaja kuwa ni mchango kuhusu wadudu wa Zanzibar. Ukizifungua unakutana na Mombasa, Wanga, Ziwa Jipe. Kati ya hapo, hakuna hata pamoja palipo Unguja! Kwa msomi wa Berlin wa wakati ule, Zanzibar ilikuwa bandari ulikoanzia msafara, pamoja na bara lote lililokuwa nyuma yake. Wafaransa nao walikuwa na neno lao, Zanguebar, lililobeba pwani nzima. Mdudu akibandikwa lebo yenye neno hilo peke yake, anaweza kuwa ametoka Jozani, Bagamoyo, au kwenye gunia la nazi Forodhani.

Hapo ndipo ninapokwama na Achille Raffray. Alikuwa mwanadiplomasia Mfaransa, na mwaka 1875 alichapisha taarifa ya safari yake ya Uhabeshi, Zanzibar na nchi ya Wanyika, yaani Wamijikenda wa leo. Mapenzi yake yalikuwa kwa vijidudu hawa hasa, Pselaphidae, na mwaka 1908 alitoa kitabu cha jenasi zao zote zilizojulikana duniani. Wakati huo walihesabiwa kuwa familia kamili; mwaka 1995 wakaingizwa rasmi ndani ya Staphylinidae. Raffray alieleza spishi nyingi ajabu, za kwetu zikiwamo. Sina ugomvi na kazi yake; michoro yake bado inatumika. Lakini katika kundi hili mara nyingi spishi hutofautishwa kwa umbo la kiungo cha uzazi cha dume, na mtu wa karne ya 19 hakuwa na desturi ya kukitoa na kukichora. Kwa hiyo maelezo yake hayanitoshi. Namhitaji mdudu mwenyewe, na yeye yuko Paris.

Kima punju naye alipewa jina la kisayansi na John Edward Gray mwaka 1868, kwa heshima ya John Kirk wa ubalozi wa Uingereza hapa Unguja. Paa nunga alipata lake 1918, la Dk. Aders wa serikali ya Zanzibar. Lakini hao walikuwa na majina yao ya Kiswahili tangu hapo, na wanayo hadi leo. Huyu wangu hana la Kilatini wala la kwao.

Sheria inaruhusu jina litokane na lugha yoyote. Msimamizi wangu anataka holotaipu iende Ulaya, kwenye baridi na wahifadhi wa kudumu, ambako ukungu hauli. Mimi nataka ibaki Unguja. Hoja yake ni nzito: unyevu wa hapa nimeuona ulivyofanya pini kushika kutu ndani ya masika moja. Hoja yangu ni nauli ya mwanafunzi atakayekuja baada yangu. Hatujakubaliana. Lebo nimeshaiandika: Unguja, Jozani, majira nukta ya kusini na mashariki hadi mita kumi, na jina la kijana wa Pete aliyeinua gogo.