Mwenye Nyumba, Dalali na Askari

Sheria inayomruhusu mwenye nyumba nchini Kenya kukamata mali ya mpangaji aliyelimbikiza kodi haina asili ya Kenya. Sura ya 293 ya sheria za nchi, iliyorithiwa kutoka enzi ya ukoloni, inampa anayedai kodi haki ileile aliyokuwa nayo mwenye nyumba chini ya sheria ya mapokeo ya Uingereza. Godoro linalopakiwa kwenye mkokoteni mtaani Kariobangi, Nairobi, lina ukoo mrefu.

Katika zama za kati kabaila wa Kiingereza alichukua ng'ombe wa mpangaji wake na kuwazuia mpaka alipwe, lakini hakuweza kuwauza. Ruhusa ya kuuza ilitolewa na Bunge mwaka 1689, na hapo rehani ikageuka mnada. Hata hivyo masharti mawili ya kale yalibaki: mali haikamatwi baada ya jua kuchwa, na mlango wa nje hauvunjwi.

Sheria nyingine ilizaliwa mwaka 1381, mwaka wa maasi ya wakulima chini ya Mfalme Richard II. Ilikataza mtu kuingia kwenye ardhi kwa nguvu, hata kama ana haki nayo. Hofu ya watunga sheria ilikuwa fujo za mabwana waliotembea na watumishi wenye silaha. Masaibu ya wapangaji hayakuwa na uzito kwao. Uingereza iliifuta mwaka 1977, lakini kiini chake kimo hadi leo katika kifungu cha 90 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya. Hapo ndipo ilipo kazi ya polisi. Kodi isiyolipwa ni deni, na deni ni shauri la madai ambalo askari hana mamlaka ya kulikata. Mlango uliovunjwa ni jinai, na aliyeuvunja hawezi kujitetea kwa hati ya umiliki.

Sheria ilikuja kusimama kati ya mwenye nyumba na mpangaji kwa msukumo wa wapangaji wenyewe. Mwaka 1915, wanaume wengi wakiwa kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia, wenye nyumba wa jiji la Glasgow, Uskoti, walipandisha kodi. Wanawake, Mary Barbour akiwa miongoni mwa viongozi wao, waligoma kulipa. Maofisa wa mahakama walipofika kutoa watu, kengele ilipigwa na ngazi zikajaa akina mama waliowarushia unga. Novemba 17 wafanyakazi wa viwanda walioshtakiwa kwa malimbikizo walisindikizwa mahakamani na maelfu. Kabla ya mwaka kwisha Bunge lilikuwa limerudisha kodi kwenye kiwango cha Agosti 1914.

Udhibiti wa namna hiyo ulifika Kenya wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, wahamiaji walipofurika mijini. Sheria ya mwaka 1959, ambayo bado inatumika, iliunda baraza la kusikiliza migogoro ya kodi. Kwa nyumba zilizo chini yake mambo yaligeuka: bila idhini ya baraza mali ya mpangaji haikamatwi, na mwenye nyumba anayemsumbua mpangaji ili ahame anatenda kosa. Kumkatia stima na maji, njia inayopendwa sana kwenye ploti, kunaangukia hapo.

Sheria ya madalali ya mwaka 1996 iliifanya kazi ya kukamata mali kuwa ya wenye leseni tu. Kwa mujibu wa kanuni zake za mwaka uliofuata, dalali anayetarajia fujo au mlango uliofungwa huomba mahakamani amri ya kusaidiwa na polisi. Basi askari anayesimama mlangoni kwa amri hiyo yupo kulinda amani. Aliyeitwa kwa simu na keateka, yaani msimamizi wa nyumba, hana amri yoyote mkononi, ingawa sare yake humtisha mpangaji vilevile, na aghalabu hiyo ndiyo sababu ya kuitwa kwake.

Uingereza ilifuta ukamataji huu kwa nyumba za makazi mwezi Aprili 2014. Kenya imeuhifadhi, na ulinzi wa baraza umesinyaa kimyakimya, kwa kuwa sheria ya 1959 inahusu nyumba ambazo kodi yake ya kisheria haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Kiwango hicho kimepitwa mbali na bei za sasa, hivyo wapangaji wengi wa Nairobi na Mombasa wako nje ya baraza, na kesi zao huenda kwenye mahakama za kawaida, ambako ada na wakili huweza kugharimu kuliko kodi yenyewe.