Mgeni, Jirani na Ardhi: Historia ya Miaka 99 katika Sheria za Kenya, Uganda na Tanzania

Ikisiri
Makala haya yanachunguza namna sheria za ardhi za Kenya, Uganda na Tanzania zilivyomtambua mtu asiye raia tangu karne ya 19 hadi kuundwa kwa Soko la Pamoja la Afrika Mashariki. Yanaonyesha kwamba maana ya "mgeni" ilibadilika kutoka mkataba kwenda rangi, na kutoka rangi kwenda uraia. Yanahitimisha kwamba mabadiliko hayo yamemwacha jirani wa Afrika Mashariki katika kundi moja na mwekezaji wa ng'ambo.

1.0 Utangulizi
Katika mazungumzo ya kila siku, mtu husema kwamba amenunua kiwanja. Sheria haikubali neno hilo kwa wepesi huo. Mtu asiye raia anayelipa bei kamili ya kiwanja Nairobi au Kampala hakipati kiwanja chenyewe, bali hupata miaka ya kukitumia, nayo isizidi 99. Idadi hiyo imezoeleka kiasi kwamba wengi huidhani kuwa ni kanuni ya kawaida ya biashara. Ukweli ni kwamba ina historia yake, na historia hiyo inaeleza kwa nini sheria za nchi tatu jirani zinafanana kwa sura na kutofautiana kwa mantiki.

2.0 Kutoka mkataba hadi rangi
Kabla ya ukoloni rasmi, haki ya mgeni katika pwani ilitokana na mkataba baina ya watawala. Mkataba wa kibiashara wa mwaka 1839 kati ya Sayyid Said na Uingereza uliwaruhusu raia wa Uingereza kununua, kuuza na kukodi ardhi na nyumba katika milki ya Sultani. Mnunuzi alikuwa mgeni, lakini ugeni wake haukumzuia kumiliki, kwa kuwa mwenye nchi alikuwa ameridhia.

Hali iligeuka baada ya Uingereza yenyewe kushika nchi. Sheria ya Ardhi za Mfalme ya mwaka 1902, katika eneo ambalo sasa ni Kenya, iliruhusu ardhi kuuzwa au kukodishwa kwa muda usiozidi miaka 99. Walowezi waliona muda huo ni mfupi mno, wakadai mwingine. Sheria ya mwaka 1915 iliwapa miaka 999. Sheria hiyohiyo ilihesabu hata ardhi iliyokaliwa na makabila ya Kiafrika kuwa ardhi ya Mfalme. Hivyo mtu aliyefika jana kwa meli alipata hati ya karibu miaka elfu moja, na aliyezaliwa pale akabaki bila hati yoyote.

Rangi ndiyo iliyokuwa kipimo. Mwaka 1908 Lord Elgin, Waziri wa Makoloni, alithibitisha sera ya kutowagawia Wahindi ardhi katika nyanda za juu, ingawa wengi wao walikuwa raia wa Mfalme yuleyule. Katika mfumo huo, uraia haukumsaidia Mhindi, na uzawa haukumsaidia Mwafrika.

3.0 Uganda: ulinzi wa mailo na jeraha la 1972
Buganda ilipitia njia nyingine. Mkataba wa mwaka 1900 uligawa ardhi kwa maili za mraba kati ya Kabaka, machifu na Serikali ya Uingereza, na kutokana na vipimo hivyo ukazaliwa umiliki unaoitwa mailo. Sheria ya mwaka 1908 ilimzuia mwenye mailo kuihamishia kwa mtu asiye wa nchi hiyo bila idhini ya Gavana na ya Lukiiko. Hivyo kizuizi dhidi ya mnunuzi wa nje hakikusubiri uhuru. Kilikuwapo tangu miongo ya mwanzo ya himaya, na baraza la wenyeji lilikuwa na sauti ndani yake.

Waasia, kwa sehemu kubwa, walijenga mijini juu ya ardhi ya kukodi. Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kuwafukuza katika muda wa siku 90. Nyumba, maduka na viwanda vilivyoachwa viliwekwa chini ya bodi ya udhamini. Ilibidi Sheria ya Mali Zilizotaifishwa ya mwaka 1982 itungwe ili wenyewe au warithi wao waweze kudai warejeshewe au walipwe fidia. Kati ya kufukuzwa na kurejeshewa, mali hizo zilikuwa na wapangaji, wanunuzi na wadai wapya. Funzo la kipindi hicho halihusu Waasia peke yao. Hati ya mgeni huwa na nguvu ileile ya dola inayoilinda, na dola ikiyumba, jengo la mawe halina uimara kuliko hema.

Raia pia hawakusalimika. Amri ya Mageuzi ya Ardhi ya mwaka 1975 ilifanya ardhi yote kuwa ya umma na kugeuza mailo na umiliki wa kudumu kuwa ukodishaji, ambao kwa mtu binafsi ulikuwa wa miaka 99. Kwa miaka 20, kwa mujibu wa maandishi ya sheria, raia na mgeni walisimama chini ya dari moja. Katiba ya mwaka 1995 ndiyo iliyowatenganisha tena.

4.0 Tanganyika: ardhi kama dhamana
Katika Tanganyika, amri ya Kijerumani ya mwaka 1895 iliihesabu ardhi isiyo na mwenyewe kuwa ya dola. Waingereza nao, kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923, waliiweka ardhi ya umma chini ya Gavana na kutoa haki ya kuitumia kwa muda usiozidi miaka 99. Mwaka 1958, serikali ya kikoloni ilipopendekeza Waafrika nao wapewe umiliki wa kudumu, Julius Nyerere alipinga. Hoja yake ilikuwa kwamba ardhi ikigeuzwa bidhaa katika nchi ya maskini, wachache wenye fedha, wakiwamo wa kutoka nje, wataikusanya na wananchi watabaki wapangaji.

Hoja hiyo iligeuka kuwa sheria baada ya uhuru. Mwaka 1963 umiliki wa kudumu uligeuzwa kuwa ukodishaji wa miaka 99, na mwaka 1969 ukodishaji huo ukageuzwa kuwa haki ya kutumia ardhi. Tanzania Bara haikuanza kwa kumbana mgeni. Ilianza kwa kukataa ardhi isiuzwe kwa yeyote.

5.0 Njia tatu za kumtenga mgeni
Sheria za sasa zina chimbuko katika historia hizo, na tofauti zake ni za kimsingi.

Kenya humtenga mgeni kwa muda. Kifungu cha 65 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa asiye raia ukodishaji usiozidi miaka 99. Umiliki wa kudumu aliokuwa nao ulirejea kwa Jamhuri, naye akawa na haki ya kupewa ukodishaji wa miaka 99 kwa kodi ya jina tu. Miaka 999 ya mwaka 1915, pale iliposhikwa na asiye raia, ikakatwa hadi kipimo kilekile ambacho walowezi walikikataa.

Uganda humtenga kwa aina ya umiliki. Kifungu cha 237 cha Katiba yake kinatamka kwamba ardhi ni ya wananchi, na kinamruhusu mgeni kupata ukodishaji tu. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 inaweka ukomo wa miaka 99 na kumfungia milango ya mailo na umiliki wa kudumu.

Tanzania Bara humtenga kwa kusudio. Raia aliyepewa haki na serikali naye hupewa muda usiozidi miaka 99. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamkataza asiye raia kugawiwa ardhi isipokuwa kwa uwekezaji ulioidhinishwa.

Tofauti hizi huonekana zaidi katika kampuni. Nchini Kenya, kampuni huhesabiwa kuwa raia iwapo tu inamilikiwa kikamilifu na raia. Uganda na Tanzania hutazama nani mwenye udhibiti au hisa nyingi. Kampuni ya Wakenya tisa na Mganda mmoja huweza kuwa ya kigeni Nairobi, ilhali kampuni ya Waganda tisa na Mkenya mmoja ni ya kienyeji Kampala. Aidha, anayejificha nyuma ya jina la raia hapati kinga nchini Kenya, kwa kuwa mali iliyo katika dhamana huhesabiwa kuwa ya raia iwapo tu wanufaika wote ni raia.

6.0 Jirani aliyesahauliwa
Mwaka 1902, mwaka uleule wa sheria ya miaka 99, Jimbo la Mashariki la Uganda, pamoja na Kisumu, lilihamishiwa himaya jirani. Watu hawakuhama, mpaka ndio uliohama. Leo Msamia wa upande wa Uganda akitaka shamba kando ya ndugu zake wa Busia ya Kenya, anakutana na Katiba ya 2010 na pia Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya mwaka 1967, inayozuia ardhi ya kilimo kuhamishiwa asiye raia bila msamaha wa Rais. Mbele ya sheria hana tofauti na kampuni kutoka ng'ambo.

Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, ingeweza kumtambua. Badala yake, kifungu chake cha 15 kiliacha matumizi ya ardhi na majengo kwa sera na sheria za kila nchi. Tahadhari hiyo ina sababu. Wananchi walioporwa kwa miaka 999 hawawezi kulaumiwa kwa kuogopa hati za wageni. Hata hivyo, hofu iliyozaliwa na mlowezi sasa inamwangukia jirani.

7.0 Hitimisho
Mambo mawili yanawahusu watunga sera. Kwanza, sheria za kitaifa zinaweza kuutofautisha ugeni wa mwanajumuiya na ule wa mtaji wa nje bila kuacha msingi kwamba ardhi ni ya wananchi. Makazi na shamba dogo la mpakani ni mahali pa kuanzia, kwa ukomo wa ukubwa na sajili iliyo wazi. Pili, istilahi zisawazishwe. Pale ambapo "hatimiliki" humaanisha umiliki wa kudumu kwa mmoja na haki ya muda kwa mwingine, mnunuzi hutia sahihi asichokielewa. Kiswahili ndicho lugha ambayo Mkenya, Mganda na Mtanzania hupatana bei ya kiwanja. Yafaa pia kiwaeleze bayana kile wanachokinunua, na kwa muda gani.