Chupa ya Kioo Ikuzayo Sauti

Kijana wa Msimbu, wilayani Kisarawe, atakaye kujitengenezea nyumbani mtambo wa kukuza sauti, yafaa kwanza ajue asili ya kile kichupa cha kioo kiitwacho valvu, maana ndicho moyo wa mtambo wote.

Mwaka 1904 Mwingereza John Ambrose Fleming alitengeneza chupa iliyotolewa hewa, na ndani yake uzi wa kupashwa moto na kibamba cha madini. Chupa hiyo iliupitisha umeme upande mmoja tu, ikafaa kunasia habari za simu ya upepo, lakini sauti haikuikuza hata kidogo. Mwaka 1906 Mmarekani Lee de Forest akatia katikati waya mwembamba, mfano wa wavu. Hapo ndipo lilipozaliwa jambo kubwa, ingawa mwenyewe hakulielewa vema.

Na tufikiri mfereji wa shamba la mpunga. Mtoto huinua ubao kidogo, maji mengi yakapita. Wala nguvu ya maji yale si ya mtoto. Vivyo hivyo sauti dhaifu, ikiisha kugeuzwa umeme mdogo, huutikisa ule wavu, na umeme mwingi wa betri hupita kwa kuufuata mtikiso huo. Basi ukubwa wote wa sauti hulipwa na betri.

Hapo ndipo penye taabu ya vijijini. Katika miaka ya 1920 watu wengi wa Uingereza na Marekani walijijengea mitambo ya namna hii, vipande vikikazwa juu ya ubao mtupu, kwa kufuata michoro ya magazeti. Huku kwetu stesheni ya Nairobi ilianza mwaka 1928, na ya Dar es Salaam mwaka 1951. Lakini matangazo yamfaa nini mtu aliye mbali na nyaya za umeme? Mwaka 1949, katika Rhodesia ya Kaskazini, ndiyo Zambia ya sasa, ilianza kuuzwa redio ya valvu yenye umbo la sufuria, iliyotumia betri kavu. Bei yake ilikuwa pauni 5, yaani shilingi 100. Si fedha haba kwa mkulima, lakini twaiona kazi ya busara, kwa kuwa waliounda walianza na hali ya mnunuzi.

Mjenzi wa nyumbani ana hatari nyingine. Valvu kubwa za kukuza sauti hutaka volti 250 au zaidi, na umeme huo huua. Tena kapasita huuweka umeme ndani yake hata mtambo ukiisha kuzimwa. Lazima uondolewe kwa kupitishwa katika rizista, kisha upimwe kwa mita, kabla ya mkono kuingia. Transista, iliyovumbuliwa Marekani mwaka 1947, haina uzi wa kupashwa moto, na volti chache huitosha. Ndiyo sababu katika miaka ya 1960 redio za valvu zilizidi kupungua madukani.